Nimeosha rola miezi minane, mashine sijaigusa

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 21. Nilipomaliza shule nilipata kazi katika kiwanda kidogo cha uchapaji. Tuna mashine moja ya offset ya rangi mbili, moja ya kidijitali, kisu kikubwa cha kukatia karatasi na meza ndefu ya kukunjia na kupiga pini. Niliambiwa nitaanza kama saidia fundi, kisha nitafundishwa mashine. Sasa ni mwezi wa 8. Naosha rola, napanga karatasi, nahesabu kopi, nafunga maboksi, nafagia. Fundi akitaka kuseti mashine ananituma stoo. Nikirudi nakuta kazi imeshaanza kutembea. Siku moja nilimwomba anionyeshe namna ya kufunga pleti, lile bati lenye picha ya kuchapwa, akasema mashine si kazi ya mtoto wa kike, nguvu sina.

Bosi si mtu mbaya. Kila nikimuuliza ananiambia nivumilie, nitakuwa fundi. Lakini hatujaandikiana chochote.

Wakati huohuo nimepata nafasi chuoni, kozi ya miaka 2. Sehemu kubwa ni usanifu wa kompyuta. Nilipouliza kuhusu mashine za kuchapa niliambiwa zipo, basi. Baba yeye hataki kiwanda wala chuo. Anasema uchapaji umekufa, watu wanasoma kwenye simu, magazeti yanafungwa, na nitasomea kazi ambayo nikimaliza sitaikuta. Baba yangu ananipenda na maneno yake yananiingia.

Lakini kazi hii naipenda, Shangazi. Karatasi zikirudishwa mashineni mara ya pili, rangi mbili za mwisho zikakaa mahali pake na picha ikafunguka, huwa naacha ufagio nikasimama kutazama. Nifanye nini?

Kuna na hili: jioni nikishaosha rola kichwa kinaniuma, na harufu ya dawa ya kuoshea naenda nayo hadi nyumbani.

Halafu juzi nilirundika karatasi zilizotoka mashineni mpaka usawa wa kifua, ili nisibebe mara nyingi. Asubuhi tukakuta nyuma ya kila karatasi kuna kivuli cha maandishi ya karatasi iliyokuwa chini yake. Fundi aligomba sana, lakini hakunieleza. Nilikosea nini?

Binti wa Rola

*

Marahaba, mwanangu.

Nimefanya kazi ya uchapaji miaka 31, na 19 kati ya hiyo nilikuwa fundi mashine, kwa hiyo la nguvu nalijibu kwanza. Chukua karatasi nzito ya jalada, ya gramu 300, yenye upana wa sentimita 70 kwa 100. Moja ina uzito wa gramu 210. Mia moja ni kilo 21. Fundi anayejua kazi habebi hata hizo mia. Anachukua fungu dogo linaloenea mikononi, analipinda kidogo, anapepea kingo hewa iingie kati ya karatasi, analiweka, anarudi kuchukua jingine. Rundo zima hubebwa na toroli. Anayenyanyua kwa kifua huishia kuumia mgongo, awe mwanamume au mwanamke.

Kinachotakiwa mashineni ni macho, masikio na subira. Na kwenye macho huyo fundi wako hana la kukuambia. Upofu wa rangi, ule wa kutotofautisha nyekundu na kijani, huwapata wanaume zaidi sana kuliko wanawake. Kwa watu wenye asili ya Ulaya ya Kaskazini ni kama mwanamume 1 kati ya 12 na mwanamke 1 kati ya 200. Hata hivyo usijikadirie tu, kapime. Mwombe daktari wa macho akupime kwa zile picha za nukta za rangi ambazo Dk. Shinobu Ishihara wa Japani alizitoa mwaka 1917. Ni jambo la dakika chache, na kila kijana anayeingia kwenye uchapaji wa rangi angepaswa kulifanya kabla hajalipa ada popote.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Umeandika sentensi moja ambayo nadhani hukujua uzito wake: fundi akitaka kuseti mashine anakutuma stoo. Binti yangu, hapo ndipo shule ilipo. Mashine ikishatembea, kazi iliyobaki ni kuilinda. Ufundi wote uko katika ile nusu saa ya kabla: kufunga pleti ikakaa sawa, kukagua blanketi, ule mpira unaopokea picha kutoka kwenye pleti na kuipa karatasi, kama lina bonde, kupima maji na wino, kuseti vinyonyeo vinyanyue karatasi moja tu, kutoa karatasi za kujaribia, kuziangalia kwa kioo cha kukuzia, kusogeza rangi kwa sehemu ya milimita mpaka alama za msalaba zilaliane. Offset ni ugomvi wa mafuta na maji. Pleti ni bapa, sehemu ya picha inapokea wino wa mafuta na sehemu tupu inapokea maji, na fundi ndiye anayeweka mizani. Maji yakizidi, rangi inapauka. Yakipungua, pleti inaanza kushika wino pasipostahili na karatasi inachafuka. Mizani hiyo huwezi kuisoma kitabuni ukaielewa. Unasimama pale, unaona mng'ao wa maji juu ya pleti, na mtu anakwambia, "Umeona? Hayo yamezidi."

Kwa hiyo miezi 8 bila kusimama hapo hata mara moja si uanagenzi. Ni kibarua. Bosi anaweza kuwa mtu mwema kabisa na bado hali ikawa hivyo, kwa sababu saidia fundi mzuri ni raha kuwa naye na hakuna anayekumbuka kumpandisha. Sikushauri ugombane naye. Mwombe muda siku ambayo hakuna oda ya haraka, kaa naye, na uende na karatasi uliyoiandika mwenyewe, nusu ukurasa tu. Iseme nani atakufundisha. Kwamba kuanzia sasa utakuwepo kila mashine inaposetiwa, bila kutumwa popote. Ndani ya miezi mitatu utafunga pleti mwenyewe ukisimamiwa. Ndani ya mwaka utaendesha kazi ya rangi moja mwanzo hadi mwisho. Na mshahara utabadilika lini. Mweke sahihi wote wawili. Akikuletea yeye mkataba unaokufunga kutoondoka kwa miaka kadhaa, usitie sahihi siku hiyo. Nenda nao nyumbani, usome na baba yako.

Usiogope kwamba unadai makubwa. Ujerumani, ambako kazi hii ina mizizi mirefu, mwanagenzi wa uchapaji hufundishwa kwa miaka 3 chini ya mkataba wa maandishi, sehemu ya muda kiwandani na sehemu shuleni, anapokea posho, na mwisho anafanya mtihani wa mikono na wa maandishi. Kinachofanya mpango ule ufae ni kwamba kila upande umeandikiwa wajibu wake. Hilo hata kiwanda cha watu watano kinaliweza.

Tena kuna mlango ambao hukuuona ingawa umeutaja. Mna mashine ya kidijitali. Fundi analinda offset yake, sawa. Hii nyingine nani anailinda? Omba upewe hiyo sasa hivi. Mafundi wa rika langu waliidharau, wakaiita fotokopi kubwa, na wengi wao walijuta. Tangu mashine za kidijitali za rangi zilipoingia sokoni mwaka 1993, kazi za kopi chache zimekuwa zikihamia huko, kwa sababu hazihitaji pleti na kila kopi inaweza kubeba jina tofauti. Faida kwako ni kubwa zaidi ya kubonyeza vitufe: faili za wateja zinapita mkononi mwako. Utaona picha iliyotolewa kwenye simu ikaletwa ichapwe kwa ukubwa wa bango. Utaona rangi za skrini, nyekundu, kijani na bluu, zinavyokataa kugeuka rangi za wino, yaani saiani, majenta, manjano na nyeusi, bila kufifia. Utaona kazi isiyo na zile milimita 3 za ziada pembeni, halafu kisu kikipita panabaki mstari mweupe na mteja analalamika. Ukizijua ajali hizi kwenye faili, utakuwa umejifunza nusu ya kozi ya chuo ukiwa unalipwa.

Chuo sikidharau. Mimi sikupata, na kuna hesabu za karatasi na nadharia ya rangi nilizozijua nikiwa na miaka 40, ilhali ningefundishwa kwa muhula mmoja. Lakini "mashine zipo" si jibu. Nenda siku ya masomo, si siku ya maonyesho, uombe kuona karakana, na kabla hujatazama mashine tazama pipa la karatasi mbovu. Karakana inayofundisha huharibu karatasi, nyingi tu. Pipa likiwa tupu na mashine inang'aa kama ya makumbusho, ujue wanafunzi wanachorewa mashine ubaoni. Likiwa limejaa, okota karatasi moja umuulize mwanafunzi yeyote aliye karibu ina kasoro gani. Akikujibu bila kuhangaika, hapo pana mwalimu. Uliza pia kila mwanafunzi anapata saa ngapi mashineni kwa wiki, na kama wanachapa kazi za wateja wa kweli zenye tarehe ya kukabidhi.

Kuna kitu kimoja cha kufanya leo jioni. Chukua karatasi kubwa, ikunje mara tatu, kila mara katikati ya upande mrefu. Usikate. Andika namba za kurasa 1 hadi 16 ukiinua pembe moja moja, kisha ikunjue. Utakuta ukurasa wa 1 uko ubavuni mwa 16, namba nyingine zimesimama kichwa chini, na kila jozi inayokutana kwenye mgongo wa kitabu jumla yake ni 17. Kitabu huchapwa hivyohivyo, katika mafungu. Ukiielewa karatasi hiyo moja, utaelewa kwa nini mpangaji kurasa, fundi mashine na mjalidi lazima waongee kabla kazi haijaanza.

Baba yako hakosei, na nakuomba usimjibu kana kwamba anakosea. Kazi zimekufa kweli ndani ya uchapaji. Mashine ya Linotype ilianza kupanga herufi za risasi kwenye gazeti la New York Tribune mwaka 1886, na kwa karibu miaka 100 mtu aliyeijua hakukosa kazi. Julai 1978 gazeti la New York Times lilichapa toleo lake la mwisho kwa njia hiyo, kesho yake wakawa kwenye kompyuta. Mwaka 1985 printa ya leza na programu ya kupangia kurasa vikaingia maofisini, na waliokuwa wakikata na kubandika kurasa kwa mkono wakaanza kuondoka. Miaka ya 1990 pleti zikaanza kutoka moja kwa moja kwenye kompyuta, bila filamu. Wenzangu wa chumba cha kamera, waliokuwa wakitengeneza filamu hizo, niliwaaga mmoja mmoja, na hadi leo inaniuma, kwa sababu walikuwa mafundi hasa. Na Marekani, ofisi ya serikali ya takwimu za kazi imekuwa ikitabiri kwa miaka kwamba ajira za waendesha mashine za kuchapa zitaendelea kupungua, ingawa inaongeza kwamba nafasi hufunguka kila mwaka kwa sababu wazee wanastaafu.

Lakini niliona pia nani alibaki. Mpanga herufi aliyejua kwa nini mstari unapumua na mwingine unabana alikaa kwenye kompyuta na akabaki kuwa mpanga herufi. Aliyejua vitufe vya mashine moja tu aliondoka na mashine yake. Ndiyo maana nakusihi usijifunze mashine hiyo ya rangi mbili kana kwamba ndiyo kazi. Jifunze karatasi, wino, rangi, maji na faili. Mashine itabadilishwa hata mara tano kabla hujazeeka.

Na yanayopungua ni magazeti, fomu na vitabu vya namba za simu. Mwambie baba azunguke nyumbani aokote kila kitu chenye maandishi ya kuchapwa: boksi la dawa na kikaratasi kilichokunjwa ndani yake, karatasi ya sabuni, lebo ya chupa, mfuko wa mbegu, katoni. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoweza kuhamia kwenye simu. Dawa haiuzwi bila jina, kipimo na tarehe ya kuisha. Vifungashio na lebo ndipo kazi ilipo leo, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa kwa flekso, mashine zenye pleti laini zinazochapa hata kwenye nailoni. Ukishajua offset vizuri, flekso hutaianza kutoka sifuri. Kwa umri wako ningelenga huko, na kwa umri wangu naona wivu kidogo.

Niliposema ujifunze karatasi, nilikuwa nakumbuka mwaka wangu wa pili. Kiwanda nilichokuwamo kilikuwa na mashine ya rangi mbili kama yenu. Tulichapa rangi mbili za kwanza za kalenda mchana, marundo yakalala wazi, usiku mvua ikanyesha na madirisha yalikuwa hayajafungwa. Asubuhi rangi mbili zilizobaki zikakataa kukaa. Katikati ya karatasi ziko sawa, pembeni picha ina vivuli, uso wa mtu una midomo miwili. Kijana aliyekuwa zamu alisogeza pleti kushoto, akaisogeza kulia, saa nzima ikaisha. Akaja mzee wetu wa karakana. Hakuigusa mashine. Alichuchumaa kwenye rundo, akapitisha kiganja pembeni mwa karatasi, pole, kama mtu anayepapasa paji la uso la mgonjwa, akasema, "Karatasi imekunywa maji." Kingo zilikuwa na mawimbi. Karatasi hunywa unyevu hewani ikatanuka, na hutanuka zaidi upande mmoja kuliko mwingine, kutegemea mwelekeo wa nyuzi zake. Hakuna pleti ya kusogeza ikaponya hilo. Sehemu kubwa ya kalenda zile ilitupwa. Tangu siku ile sijaacha rundo bila kulifunika nailoni, na karatasi mpya siifungui mpaka ilale kwanza ndani ya chumba cha mashine.

Kuhusu kichwa chako, mwanangu, hili usilisubirishe. Osaka, Japani, wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha uchapaji waliokuwa wakifuta wino kwa dawa katika chumba kisicho na hewa ya kutosha walipata kansa ya mirija ya nyongo, wengi wao wangali vijana. Habari zao zilijulikana mwaka 2012, na mwaka 2014 shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, lililo chini ya WHO, likaiweka kemikali iliyohusika, dikloropropani, katika kundi la zinazosababisha kansa kwa binadamu. Sisemi dawa yenu ndiyo hiyo. Nasema uijue. Soma jina lililoandikwa kwenye dumu, umwombe bosi karatasi ya taarifa za usalama inayotolewa na muuzaji. Kama dumu halina jina, usilitumie mpaka jina lipatikane. Fungua madirisha, washa feni inayotoa hewa nje, vaa glavu zinazohimili dawa, funika dumu na matambara yaliyolowa, na mikono ioshe kwa sabuni, kamwe si kwa dawa ya rola. Kichwa kikiendelea kuuma, nenda hospitali umwambie daktari unafanya kazi gani. Na rola zisifutwe kwa tambara zikiwa zinazunguka, hata fundi afanye hivyo mbele yako kila siku. Pale rola mbili zinapokutana, tambara likivutwa linakwenda na mkono.

Ukiniuliza mizani yangu imelalia wapi: naanza na kiwanda, kwa masharti ya maandishi. Mpe bosi miezi miwili. Wakati huohuo nenda kalione lile pipa, na nafasi ya chuo usiiachie kabla hujaliona. Bosi akitia sahihi na ukaanza kusimama mashineni, baki, na usanifu ujifunze jioni. Akikuzungusha, na pipa likiwa limejaa, nenda chuo kwa amani, uombe kurudi kiwandani wakati wa likizo. Pipa likiwa tupu na bosi naye hajasaini, tafuta kiwanda kingine, hasa cha vifungashio, na sasa una miezi 8 ya kuandika kwenye barua ya maombi.

Na lile rundo. Wino wa offset haukauki papo hapo. Unatua haraka, lakini unachukua saa nyingi kuwa mgumu. Uliporundika mpaka kifuani, uzito ulibana karatasi za chini, hewa ikatoka kati yake, na wino mbichi ukahamia kwenye mgongo wa karatasi ya juu yake. Ndiyo maana mashine hunyunyizia ile poda nyeupe unayoifagia jioni: chembe zake hutenganisha karatasi moja na nyingine ili hewa ipite na wino ukauke. Kesho angalia kama kinyunyizio kimeziba, maana kivuli kikitokea kwenye kila karatasi, hadi zile za juu, huenda kosa si lako peke yako. Weka marundo mafupi, hasa kazi ikiwa na wino mwingi na karatasi ni ya kung'aa, na usiyasukume wala kuyagonga kingo kabla hayajakauka. Zile zilizoharibika usizitupe zote. Chukua moja, andika nyuma yake tarehe, aina ya karatasi, urefu wa rundo na kilichotokea, uihifadhi kwenye faili. Hiyo ndiyo ya kwanza.

Shangazi yako wa Kazi